Chuo kikuu kwa kijana wa Ngara na Biharamulo: njia ipi ina nafuu?

Tangu serikali ifute ada ya kidato cha tano na sita mwaka 2022, mzazi wa Rulenge au Nyakahura anaweza kumfikisha mwanawe kwenye mtihani wa mwisho wa sekondari bila kulipa ada shuleni. Mzigo mzito wa kwanza anaukuta chuo kikuu, na hapo ndipo wengi wanapobaki nyuma: mtoto wa kaya maskini, yatima, mwenye ulemavu, msichana aliyesoma sayansi katika shule yenye maabara duni. Misaada kwa ajili yao ipo. Hapa tunailinganisha kwa mambo matatu: inalipa nini, inaiachia kaya kiasi gani, na baadaye inadai nini.

Gharama halisi ni ipi?

Wazazi wengi huuliza ada kwanza, lakini ada siyo gharama kubwa kuliko zote. Katika vyuo vikuu vya umma, shahada nyingi zimekuwa zikitoza takriban shilingi milioni 1 hadi milioni 1.8 kwa mwaka, udaktari ukiwa juu. Vyuo binafsi vinatofautiana sana, na udaktari huko unaweza kuzidi mara mbili ya kiwango hicho. Sasa hesabu chakula na malazi kwa kiwango cha Bodi ya Mikopo, yaani shilingi 10,000 kwa siku tangu mwaka wa masomo 2022/23. Miezi minane ni shilingi milioni 2.4. Ongeza 200,000 za vitabu na ada ya milioni 1, unapata milioni 3.6 kwa mwaka, na ada haifiki theluthi yake.

Kwa hiyo usichague chuo kwa ada peke yake. Anayetoka Ngara kwenda Dar es Salaam hupita Nyakanazi, Kahama, Singida na Dodoma, na nauli hiyo huilipa kila likizo. Chuo Kikuu cha Dodoma kipo njiani, kabla ya kufika Dar es Salaam. Mwanza, penye Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, ni karibu zaidi, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hakuna tena kusubiri kivuko. Pima nauli, kodi ya chumba na bei ya chakula cha mji husika kabla ya kuvutiwa na jina la chuo.

Mkopo wa Bodi: mlango mpana kuliko yote

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ndiyo inayogusa vijana wengi zaidi. Huangalia uhitaji: yatima, mwenye ulemavu au mwenye mzazi mwenye ulemavu, na anayetoka kaya inayohudumiwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF). Ada ya maombi imekuwa shilingi 30,000. Anayepangiwa mkopo kamili hulipiwa ada na kupata bumu, yaani posho ya chakula, malazi na vitabu. Asiyepangiwa kamili huongezea mwenyewe. Ukipewa nusu ya ada ya milioni 1, kaya itatafuta 500,000 kila mwaka, na ni vizuri kulijua hilo kabla ya Oktoba.

Marejesho ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi kwa aliyeajiriwa, na muda wa matazamio ni miezi 24 baada ya kuhitimu. Aliyetumia milioni 3.6 kwa mwaka kwa miaka mitatu anadaiwa milioni 10.8. Akipata mshahara wa 700,000 atakatwa 105,000 kwa mwezi na kumaliza deni la msingi kwa takriban miaka minane na nusu. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani, iliyokuwa ikikuza deni mwaka hadi mwaka, ilifutwa 2021. Hakuna mkopo wa mtaani unaofikia nafuu hiyo. Mzazi anayekwenda kwa wakopeshaji wa kausha damu ili alipie ada huku mtoto hajaomba Bodi anainunua elimu ileile kwa bei ya juu kuliko zote.

Ufadhili usiorejeshwa: bora, lakini mwembamba

Ufadhili wa Samia ulianza 2022/23 kwa waliofaulu kwa daraja la juu sana katika tahasusi za sayansi na kudahiliwa kusoma sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati au tiba. Hulipa ada, chakula, malazi na mahitaji ya masomo, na hakuna kurejesha. Mfuko wa kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, ulioanzishwa na Benki Kuu mwaka 2009, umewalenga wasichana wenye ufaulu wa juu katika hisabati na sayansi. Kwa wenye ualbino, shirika la Under the Same Sun, lililoanzishwa na Peter Ash wa Kanada, limesomesha vijana kwa miaka mingi, jambo lenye uzito wa pekee Kanda ya Ziwa, ambako watu hao waliwindwa na kuuawa.

Kwa bei, ufadhili hauna mpinzani. Kwa uhakika, ni dhaifu, maana nafasi ni chache na kijana wa Kabanga anashindana na wa shule za vipaji kama Ilboru na Kibaha. Uombe, lakini usiache kuomba mkopo kwa kuutegemea.

Kwa wasiofikia alama

Kigezo cha kuingia shahada ni alama mbili kuu zenye jumla ya pointi 4. Nchini Uganda, Chuo Kikuu cha Makerere kimewaongezea wasichana pointi 1.5 tangu 1990. Kwetu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha mwanzoni mwa miaka ya 2000 mafunzo ya awali kwa wasichana wanaotaka uhandisi. Mlango mpana zaidi ni Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa sheria ya 1992 na chenye kituo Bukoba. Programu yake ya msingi humwezesha aliyekosa pointi kuingia shahada, naye husoma akiwa shambani kwake au kazini. Chumba na bumu havihitajiki, lakini nidhamu inahitajika, maana hakuna wa kukuamsha.

Njia nyingine ni stashahada. Bodi ilianza kukopesha wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, zikiwemo afya, mwaka 2023/24. Biharamulo mjini kuna chuo cha sayansi za afya, hivyo kijana wa huko anaweza kulala nyumbani. Akimaliza na wastani wa 3.0 anaweza kuendelea na shahada akiwa tayari na taaluma mkononi.

Nyaraka ndizo bei iliyojificha

Katika wilaya hizi fursa nyingi hupotea mapema, hata kabla ya swali la ada kufika. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa usajili wa serikali, na yatima anahitaji cheti cha kifo kilichohakikiwa pia. Mwenye ulemavu anahitaji uthibitisho wa mganga mkuu wa wilaya, na wa TASAF namba ya kaya. Fomu husainiwa na serikali ya kijiji na kuthibitishwa na kamishna wa viapo, na mdhamini awe na kitambulisho. Kwa wakazi wa Kabanga na Rusumo, mpakani na Burundi na Rwanda, uhakiki wa uraia huchukua muda, hivyo mwanafunzi aanze kuufuatilia akiwa kidato cha tano, asisubiri matokeo ya Julai. Na namba ya mtihani wa kidato cha nne anayoombea chuo iwe ileile anayoombea mkopo.

Uamuzi wetu

Mwenye daraja la kwanza la sayansi aombe ufadhili na mkopo kwa pamoja. Mwenye ufaulu wa wastani kutoka kaya maskini achague chuo cha umma na kuomba mkopo: kwa wengi, hiyo ndiyo thamani bora ya pesa. Aliyekosa pointi alinganishe stashahada ya afya na Chuo Kikuu Huria kabla ya kurudia mtihani. Mwenye ulemavu aandikie chuo mapema kuuliza kama kina wakalimani wa alama, vitabu vya nukta nundu na mabweni yanayofikika, kisha achague kwa jibu hilo.

Nanyi watendaji wa vijiji, wakuu wa shule na madiwani wa Ngara na Biharamulo: tengeni siku moja kila mwaka, kabla dirisha la maombi halijafunguliwa, muwaite wanafunzi wa kidato cha sita na wazazi wao, muwe na muhuri, kompyuta na ofisa wa TASAF mezani. Gharama yake ni ndogo kuliko mwaka mmoja wa kijana mmoja anayekaa nyumbani kwa kukosa saini.