Nyota mmoja, nafasi nne: ungemuweka nani pembeni ya Faker?

Uwe Bukavu, Uvira, Butembo ao Bunia, pale vijana wanakutana kucheza michezo ya video, bishano moja halikosi: kama wangekupa mchezaji mkubwa kabisa wa dunia, wenzake ungewachagua namna gani? Kuna wenye kusema: ongeza nyota juu ya nyota. Wengine wanasema: huyo mmoja anatosha, wengine wamutumikie tu. Huko Korea ya Kusini kuna ekipe yenye imejaribu njia nyingi kwa zaidi ya miaka 10, dunia nzima ikiangalia. Tumefuata safari yake, kisha tukajaribu kuunda ekipe yetu ya kufikirika.

Faker ni nani?

Jina lake la kweli ni Lee Sang-hyeok. Alizaliwa mwaka 1996, mu mji wa Seoul. Mchezo wake ni League of Legends, wenye kuchezwa ku ordinatere. Mwaka 2013 aliingia mu ekipe ya SK Telecom T1, yenye leo inaitwa T1 tu, na tangu siku ile hajachezea klabu ingine. Mwaka 2020 alipewa hata sehemu ya umiliki wa klabu, na mwaka 2025 alirefusha mkataba wake mpaka 2029.

Kombe la dunia la mchezo huo amelichukua mara 6: 2013, 2015, 2016, 2023, 2024 na 2025.

Angalia vizuri hiyo miaka. Kati ya 2016 na 2023 kuna shimo la miaka saba. Faker alikuwa pale pale, kiti kile kile. Chenye kilikuwa kinabadilika ni watu wa pembeni yake. Njo pale somo letu linaanzia.

Zahabu haitoshi wote

Kwa wenye hawajui mchezo huu, tueleze kwa ufupi. Ni watu 5 juu ya watu 5. Kuna uwanja mmoja wenye njia tatu: ya juu, ya katikati na ya chini. Kila njia iko na minara ya ulinzi, na ku mwisho kuna jengo kubwa. Mwenye kubomoa jengo la mwenzake ameshinda. Katikati ya njia kuna pori.

Mtu mmoja anakamata njia ya juu, peke yake. Mmoja anakamata katikati: njo nafasi ya Faker. Wawili wanaenda chini, yaani mpigaji wa mbali na msaidizi wake. Wa tano anatembea porini, anatokea kwa gafla pale mwenzake iko na shida ao pale adui amejisahau.

Ukiua askari wadogo wa adui, ao wanyama wa porini, unapata zahabu. Ukiwa na zahabu unanunua silaha. Lakini zahabu ile ina kipimo chake, na wa porini hawezi kuwa pande mbili mara moja. Akisaidia juu, chini wanabaki peke yao. Kwa hiyo hata ukileta watu watano wenye kila mmoja amezoea kutumikiwa, wawili ao watatu watalala njaa. Ni kama sahani moja ya bugali na mikono mitano: shida si mikono, shida ni sahani.

Mwaka wenye walikusanya majina

Mwaka 2018 ulikuwa mbaya kwa ekipe ya Faker: haikufika hata ku kombe la dunia. Viongozi wakaamua kununua. Kwa 2019 walileta Khan ku njia ya juu, Clid porini, Teddy na Mata chini. Wote walikuwa majina makubwa. Mata alikwisha kuwa bingwa wa dunia mwaka 2014. Watu wakasema: hii ekipe haigusiki.

Tuseme ukweli, haikuwa mbaya. Ilichukua shampiona ya Korea mara mbili mwaka ule ule. Lakini ku kombe la dunia, mu nusu-finali kule Madrid, G2 ya Ulaya iliipiga 3-1. Na chenye kilifuata ndicho kinatuhusu zaidi: mwaka ulipoisha, Khan, Clid na Mata hawakubaki, kocha pia akaondoka. Mwaka 2020 Faker alikuwa anaanza upya na watu wapya, na kombe la dunia akalikosa tena.

Ekipe ya kununua inaweza kushinda haraka. Lakini kama mwisho wa msimu kila mtu anafuata njia yake, haujajenga kitu. Umekodisha tu.

Mtu mwenye hakuimbwa

Sasa turudi nyuma, kwenye makombe ya 2013, 2015 na 2016. Mu yote matatu kulikuwa mtu mmoja wa porini, jina lake la mchezo Bengi. Mara nyingi hakuwa mwenye kuua wengi. Kazi yake ilikuwa kujua mbele wapi adui wa porini anapita, na kufanya Faker acheze bila kuogopa mgongo wake. Mu nusu-finali ya 2016, juu ya ROX Tigers, ekipe ilikuwa inapotea 2-1. Wakamuingiza Bengi, akachukua Nidalee, mhusika mwenye alikuwa hajawahi kumucheza mu mechi ya kulipwa. Walishinda ile mechi, wakashinda na ya tano, kisha wakachukua kombe.

Hata heshima ya mchezaji bora wa finali haikuenda kwa Faker kila mara. Mwaka 2015 ilienda kwa MaRin wa njia ya juu. Mwaka 2023 ilienda kwa Zeus, na 2025 kwa Gumayusi wa njia ya chini. Maana yake ni nini? Adui akiweka watu wawili kumuchunga nyota, mahali pengine panabaki wazi. Kama mwenye kusimama pale anajua kazi, kombe linapita pale. Nyota mzuri haoni haya juu ya ile.

Wale watoto wa nyumbani

Kisha kukaja kizazi chenye kiliziba shimo. Zeus, Oner na Gumayusi walikomaa mu kituo cha mafunzo cha T1 chenyewe. Keria, msaidizi, alitoka DRX. Zeus alizaliwa 2004: siku Faker anachukua kombe lake la kwanza, yeye alikuwa mtoto wa miaka 9.

Mwaka 2022 hao wanne na Faker walimaliza mechi 18 za duru ya kwanza ya Korea bila kupoteza hata moja, wakachukua na kikombe. Halafu wakapoteza finali tatu zenye kufuatana: ile ya kimataifa ya katikati ya mwaka, ya shampiona ya Korea, na ya kombe la dunia, yenye DRX iliwafunga 3-2.

Kwa ekipe nyingi, hapo wangefukuza wawili ao watatu. T1 iliwaacha wote watano pamoja. Mu Novemba 2023, kule Seoul, walipiga Weibo Gaming ya China 3-0. Mwaka 2024, kule London, wakapiga Bilibili Gaming 3-2. Mwaka 2025 Zeus alikuwa amekwisha kuondoka, Doran akaingia, na bado wakashinda KT Rolster 3-2 kule Chengdu. Hakuna ekipe ingine yenye imechukua kombe hilo mara tatu mfululizo.

Basi, tuchague

Tuweke sheria moja: tunachagua kati ya wenye walikwisha kucheza na Faker. Nafasi ni nne.

Njia ya juu: Zeus. Si kwa sababu ya vikombe tu. Wa porini akikaa karibu na katikati, wa juu anabaki peke yake dakika nyingi. Tunahitaji mtu mwenye anaweza kuachwa na asilie, na siku adui amemusahau, ashinde mechi.

Porini: Bengi. Najua wengi wataniuliza: na Oner, mwenye vikombe vitatu mfululizo? Ni mchezaji mkubwa, na mwenye kumuchagua sitamubishia. Lakini swali letu ni la kujenga pembeni ya mtu mmoja, na hakuna mwenye alifanya kazi ile wazi kama Bengi.

Mpigaji wa chini: Gumayusi. Mwanzoni mwa 2025 walimukalisha ku banki, kijana mwingine, Smash, akacheza nafasi yake. Alirudi mu ekipe, na mwisho wa mwaka ule ule akawa mchezaji bora wa finali ya dunia. Mtu mwenye anakalishwa na haharibu ekipe, huyo unamutaka.

Msaidizi: Keria. Mwaka 2022 alipewa heshima ya mchezaji bora wa duru ya kwanza ya Korea, na nafasi yake ni ile yenye kukula zahabu kidogo kuliko zote. Kwenye sahani moja, mtu mwenye anashiba na kidogo na anafanya kazi kubwa, huyo ni mali.

Ukiangalia orodha yetu, utaona hatukuuliza nani ni mkali kuliko wote. Tuliuliza maswali mengine: nani anakubali kuachwa, nani anafungua njia, nani anavumilia kukalishwa, nani anatosheka.

Nafasi ya sita

Wengi wanaishia hapo. Lakini bado kuna nafasi moja, na ndiyo yenye kuumiza watu: nani atacheza siku nyota hayuko?

Mu mwaka 2023, katikati ya duru ya pili, mkono wa Faker uliuma mpaka akapumzika. Nafasi yake akapewa Poby, kijana wa kituo cha mafunzo. Mechi 8 zenye Faker hakucheza, T1 ilishinda moja tu. Ekipe ile ile, yenye miezi michache kisha ikawa bingwa wa dunia! Si kosa la yule kijana. Ekipe ilikuwa imezoea mtu mmoja wa kuamua, na alipokosekana, sauti ilikosekana pia.

Mwaka 2015 ilikuwa tofauti. Ku njia ya katikati walikuwa wawili, Faker na Easyhoon, na kulikuwa mechi zenye Faker alikaa na mwenzake akacheza. Mwaka ule, mu kombe la dunia nzima, ekipe ilipoteza mchezo mmoja tu.

Jambo hili sisi Wakongomani tunalijua vizuri, kwa sababu tuliliona mu mpira wa miguu. Mwaka 2010, TP Mazembe ya Lubumbashi ilipoteza nyota wake, Trésor Mputu, mwenye FIFA ilimupa azabu ya mwaka mmoja. Watu wengi walifikiri imekwisha. Bila yeye, Mazembe ilifunga Espérance ya Tunisia 5-0 pale Lubumbashi na kuchukua kombe la Afrika. Mu Desemba, kule Abu Dhabi, ikapiga Pachuca 1-0, ikapiga Internacional ya Brazil 2-0 kwa mabao ya Kabangu na Kaluyituka, na ikawa ekipe ya kwanza ya Afrika kufika finali ya kombe la dunia la klabu. Inter Milan iliwafunga 3-0, lakini jina lilibaki. Ekipe ile ilikuwa na nyota. Haikuwa nyota peke yake.

Na sisi wa telefone?

Huku kwetu wengi hawana ordinatere ya nguvu. Wanacheza Free Fire, watu wanne wanne, ao Mobile Legends, watano watano, na mega za kuhesabu. Somo halibadiliki. Mkiwa na kijana mmoja mwenye anawazidi wote, mambo manne yatawasaidia.

Kwanza, kila mtu ajue kazi yake mbele ya mechi, na awe mtu mmoja tu wa kuamua wakati wa kushambulia. Mkiongea wote mara moja, hakuna mwenye anasikia.

Pili, kila wiki mucheze mara kazaa bila nyota wenu, kwa kusudi. Mtapoteza. Ni afazali mpoteze mazoezini kuliko siku ya mashindano, siku umeme umekatika kwake ao mama yake amemutuma soko.

Tatu, musimubebeshe kila kitu. Mkono wenye kushika telefone saa sita bila kupumua, siku moja utakataa. Wa Faker pia ulikataa.

Ya ine, kama kuna zawadi ya makuta, muelewane mbele namna ya kugawa, na yule wa ku banki muhesabu naye. Mtu hawezi kungojea zamu yake mwaka mzima bure.

Kwa hiyo bishano likianza tena, acha kuuliza tu nani ni mkali. Uliza: kesho asipokuja, nani atakamata njia ya katikati? Na kama hauko sawa na orodha yetu, tuandikie yako: majina manne, na la tano la ku banki.