Unatafuta Kompyuta ya CNC? Angalia Poti Kabla Utoe Doo

Wasee wa mbao, kama umenunua CNC usikimbilie laptop ya gemu. Hii kazi haitaki nguvu mob. Cha kwanza, jua ni nini inaendesha mota.

Kama mashine yako inatumia GRBL kwa bodi ya Arduino, uko sawa. Bodi ndiyo inapiga hesabu ya kila hatua ya mota, kompyuta inatuma tu G-code kwa USB. Laptop ya mtumba pale Luthuli yenye RAM ya GB 4 inatosha. Hata Raspberry Pi inaweza.

Lakini kama ni Mach3 ya kebo ya paraleli, stori inabadilika. Hapo kompyuta yenyewe ndiyo inatuma mapigo. Tafuta desktop mzee yenye ile poti ya matundu 25 nyuma, na Windows 7 ya biti 32. Adapta ya USB haitafanya. Laptop nayo hupunguza spidi ikiokoa betri, mota inaruka hatua, na mbao ya customer imeenda hivyo.

Ukishanunua, zima kompyuta isilale yenyewe kazi ikiendelea, alafu iweke mbali na vumbi. Doo ikibaki, ongeza mbao.