Kidonge cha Aspirini cha Kila Asubuhi

Magome ya sinkona ni machungu, na watu wa Kivu, mashariki mwa Kongo, wanaujua uchungu huo. Wakati wa ukoloni wa Wabelgiji miti hiyo ilipandwa milimani, na kwa miongo mingi kiwanda cha Pharmakina cha Bukavu kimekuwa kikitoa kwinini ndani yake. Uchungu huohuo ndio uliofungua njia ya aspirini. Edward Stone, kasisi wa Uingereza, alionja gome la mti wa mwerebi akashangaa kuona linakaribia uchungu wa sinkona. Akalikausha, akalisaga, akawapa wagonjwa wa homa wapatao 50, kisha mwaka 1763 akaiarifu Royal Society ya London kwamba linasaidia. Mwaka 1897 Felix Hoffmann wa kampuni ya Bayer alitengeneza dawa yenyewe ikiwa safi, na mwaka 1899 ikapewa jina la Aspirin.

Asili hiyo inafaa ikumbukwe na kila anayeamini kwamba kidonge ni sumu na jani ni salama. Gome lililolainishwa kuwa kidonge bado lina nguvu, na nguvu hiyo ina pande mbili.

Ndani ya damu mna chembe sahani, ambazo hushikana haraka ili kuziba jeraha. Mwaka 1971 John Vane alionyesha kwamba aspirini huzuia mwili kutengeneza prostaglandini, kundi la kemikali zinazohusika pia na kushikana huko. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1982. Chembe sahani ikishaguswa na aspirini haipati nafuu tena: inabaki dhaifu hadi inapokufa, ndani ya siku 7 hadi 10. Ndiyo maana kipimo kidogo tu kinatosha kupunguza kuganda kwa damu. Lakini prostaglandini hizohizo hulinda utando wa tumbo dhidi ya asidi. Zikipungua, vidonda hutokea, na damu ikianza kuvuja haikatiki upesi.

Aliyewahi kupata shambulio la moyo, au kiharusi cha damu kuganda, ana sababu nzuri ya kumeza aspirini kila siku, na asiiache bila kumuuliza munganga. Shaka iko kwa mtu mzima asiye na ugonjwa huo anayejinunulia ili "kusafisha damu". Utafiti wa ASPREE uliotolewa mwaka 2018 ulifuatilia watu 19,114 wa Australia na Marekani, wengi wao wenye miaka 70 au zaidi. Aspirini haikuwaongezea miaka ya kuishi bila ulemavu. Kutokwa damu kwingi kulifikia visa 8.6 kwa watu 1,000 kila mwaka, dhidi ya 6.2 kwa wasioitumia. Mwaka 2022 jopo la wataalamu wa kinga la Marekani lilishauri wenye miaka 60 na zaidi wasianze dawa hii kwa ajili ya kinga tu.

Kwa kisiwa cha Idjwi naliona jambo hili kuwa zito zaidi. Barani Afrika sehemu kubwa zaidi ya viharusi kuliko Ulaya hutokana na mshipa kupasuka kwa presha, na hapo aspirini huongeza hatari. Tena kisiwa hakina daraja: anayetapika damu usiku, akihitaji hospitali kubwa ya Bukavu, lazima avuke Ziwa Kivu kwa boti. Vidonge vinavyokatwa kwa mkasi dukani, viwili au vinne, havina karatasi ya kumweleza mnunuzi haya.

Je, majani? Mubirizi, tangawizi na kitunguu saumu vina heshima yake, lakini hakuna kilichothibitishwa kuchukua nafasi ya aspirini kwa mgonjwa wa moyo. Tangawizi na kitunguu saumu kwenye chakula havina neno. Vikinywewa kwa wingi pamoja na aspirini, huenda vikazidisha kuvuja damu. Gome la mwerebi nalo lina salisini, nduguye aspirini, na linataka tahadhari ileile.

Kwa asiye mgonjwa wa moyo, mbadala wa kweli wa asili kisiwani upo: maharagwe, mboga, samaki wa sambaza, mananasi, na miguu inayopanda vilima. Punguza chumvi pamoja na vile vibonge vya kukolezea mchuzi, acha tumbaku. Juu ya yote, pima presha, kwa kuwa presha haionekani wala haiumi, na dawa zake zinazuia viharusi vya aina zote mbili.

Mtoto mwenye homa asipewe aspirini kabisa. Na wewe unayeimeza kila siku, ukiona choo cheusi kama lami, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, na ubebe vidonge vyako mkononi.