Msamaha wa kodi uwe na hesabu

Je, kampuni yenye faida isamehewe kodi kwa kuwa inawapa vijana wetu kazi? Mkataba wa 1997 uliiahidi Banro, iliyochimba dhahabu Twangiza, miaka 10 ya msamaha wa kodi. Kazi zilipatikana, lakini kodi si kitu kidogo. Kwa sheria ya madini ya 2018, asilimia 15 ya mrabaha inalipwa moja kwa moja kwa chefferie au sekta penye mgodi. Ukisamehewa, hapa Shabunda ni Bakisi au Wakabango inayokosa fedha za barabara. Basi tuulize kwanza: kazi ngapi, za nani, kwa miaka mingapi? Luka 14 inatufundisha kuhesabu gharama kabla ya kujenga.