Mizimu jukwaani, watoto mstari wa mbele

Mzazi mmoja wa Lushoto ameniandikia barua yenye malalamiko. Binti yake, anayesoma Dar es Salaam na kuishi kwa shangazi yake, alipelekwa kwenye onyesho la Halloween. Vijana waliojichora mifupa na kuvaa kama wachawi walicheza bale, hip-hop na ngoma zetu, vyote katika onyesho moja, nao watoto walikaa mbele wakicheka. Mzazi anauliza: je, huo ni mchezo, au watoto wanazoeshwa mambo ya mizimu?

Tuanze na siku yenyewe. Halloween ni usiku wa tarehe 31 Oktoba, yaani mkesha wa Watakatifu Wote, sikukuu ambayo Wakatoliki wa milima ya Usambara wanaifahamu vizuri. Huko Ireland watu wa kale waliamini kwamba mavuno yakiisha na baridi ikiingia, wafu hurudi kutembea. Wahamiaji wa Ireland na Scotland waliichukua mila hiyo hadi Marekani katika karne ya 19, na huko ikageuka polepole kuwa mchezo wa watoto wa kuvaa vinyago na kuomba peremende. Kilichowatisha mababu kikawa kichekesho cha wajukuu.

Na sisi je? Wamakonde wa Mtwara na Msumbiji wana mapiko. Mchezaji huvaa kinyago cha mti kinachofunika kichwa kizima, na mwili wake husitiriwa kwa nguo ili asijulikane ni nani. Kwa desturi wanawake na watoto walipaswa kuamini kuwa ni mzimu, nao walikimbia kwelikweli. Leo mapiko huchezwa jukwaani mbele ya watalii na watoto wanaokula karanga. Hakuna mtu aliyelalamika.

Hata kuchanganya ngoma katika onyesho moja si ugeni. Mwezi Desemba 1962 Mwalimu Nyerere alilieleza Bunge jinsi wasomi walivyojua rumba na chachacha kuliko ngoma za kwao. Wizara ya utamaduni ikaundwa, kikafuata Kikundi cha Taifa cha Ngoma. Kikundi hicho kilivunjwa mwaka 1980, na mwaka uliofuata Chuo cha Sanaa Bagamoyo kikafunguliwa. Baadaye vikundi kama Muungano na TOT vilimpa mteja kwa kiingilio kimoja ngoma, taarabu, sarakasi na vichekesho. Wengi wetu wa mjini tumeyajua makabila ya nchi hii kwa njia hiyo, nami nashukuru.

Lakini kuna gharama, na hapo ndipo ninapotofautiana kidogo na mwandishi wa barua. Ngoma ya kijijini haina watazamaji. Aliyesimama pembeni anangoja zamu yake. Ikipandishwa jukwaani, duara hukatwa wachezaji wawaelekee waliolipa, na ngoma ya usiku kucha huwa ya dakika tano. Sindimba ilitolewa katika mazingira ya jando na unyago, viuno vikabaki bila mafunzo yake, halafu watu wakaanza kulalamika kwamba haina adabu. Ingekuwaje na adabu wakati mwalimu ameachwa Newala?

Basi mimi mifupa ya rangi hainisumbui. Kinachonisumbua ni mdumange, ngoma ya Wasambaa na majirani zao wa Tanga. Watoto wengi wa Lushoto wanaikuta kwenye sherehe za shule na mikutano, ikipigwa mpaka mgeni rasmi apate kiti, kisha inazimwa ili risala isomwe. Mtoto anajifunza kupiga makofi tu. Mzazi mwenzangu, ukisikia kuna harusi yenye ngoma ya kweli, mpeleke binti yako, na umwache aingie kati.

Kuhusu hofu ya mizimu, Wamakonde walikuwa na utaratibu wao: mvulana alifunuliwa siri ya kinyago akiwa jandoni, akaona kwamba ndani yake yumo mtu, pengine mjomba wake. Kabla ya hapo alikimbia kama wengine. Kama binti bado anaota mifupa usiku, mwambieni shangazi amrudishe kwa wachezaji wale wakiwa wamenawa nyuso, awasalimie.