Skripti Inapogoma: Mtafiti wa Kiswahili na Amri za Linux

Utafiti wa msamiati na mtindo unazidi kuhitaji tarakilishi. Anayetaka kujua neno fulani limetumika mara ngapi katika riwaya nzima atachoka mno akitegemea macho na kalamu pekee. Katika mfumo wa Linux, kazi hiyo yaweza kufanywa kwa skripti, yaani faili ya matini yenye amri zinazotekelezwa moja baada ya nyingine. Hata hivyo, skripti ikikataa kuendeshwa, wengi wetu huikabidhi kwa mwanafunzi wa sayansi ya tarakilishi na kunawa mikono. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba kukataa huko huwa na sababu bayana, na kwamba mojawapo imo katika othografia ya Kiswahili chenyewe. Tuchukue mfano wa skripti iitwayo hesabu.sh.

Kwanza ni mahali. Ukiandika hesabu.sh ukajibiwa "command not found", usidhani faili imepotea. Sheli, ambayo ni programu inayopokea amri, hutafuta katika folda zilizoorodheshwa kwenye PATH tu, na folda uliyomo kwa kawaida si mojawapo. Andika ./hesabu.sh, nukta na mkwaju humaanisha "humu nilimo".

Pili ni idhini. Jibu "Permission denied" aghalabu humaanisha kwamba faili haijaruhusiwa kutekelezwa. Amri chmod u+x hesabu.sh humpa mwenye faili ruhusa hiyo. Wapo wanaoshauri chmod 777, lakini huko ni kumpa kila mtumiaji wa tarakilishi hiyo uwezo wa kuibadilisha kazi yako.

Tatu ni mkalimani. Mstari wa kwanza, #!/bin/bash, hutaja programu itakayozifasiri amri. Faili iliyoandikwa katika Windows aghalabu huwa na alama isiyoonekana mwishoni mwa kila mstari. Linux huichukulia kuwa sehemu ya jina, ikamtafuta mkalimani asiyekuwapo, kisha hujibu "bad interpreter" au, katika matoleo mapya ya Bash, "required file not found". Amri cat -A hesabu.sh huifichua alama hiyo kama ^M, nayo sed -i 's/\r$//' hesabu.sh huiondoa.

Nne, na hapa ndipo penye uzito kwetu, ni ritifaa. Katika Kiswahili, ritifaa ya ng' ni sehemu ya herufi. Kwa sheli, ritifaa hufungua nukuu. Kwa hiyo amri grep -o ng'ombe riwaya.txt huifanya sheli itafute ritifaa ya pili hadi mwisho wa faili, na ikiikosa hulalamika "unexpected EOF". Dawa ni kulifunga neno kwa alama za mtajo: grep -o "ng'ombe" riwaya.txt. Ili kukagua sarufi ya skripti bila kuiendesha, tumia bash -n hesabu.sh.

Isitoshe, programu nyingi za kuchapia hati hugeuza ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda. Kwa tarakilishi, hizo ni alama mbili tofauti. Skripti itaendeshwa bila kulalamika, lakini itajibu kwamba riwaya haina ng'ombe hata mmoja! Kosa la namna hii ni baya kuliko kugoma, kwa kuwa huingia tasnifuni likivaa joho la takwimu. Mtafiti atafute maumbo yote mawili kwa "ng['’]ombe", na skripti yenyewe aiandike katika kihariri matini cha kawaida.

Kwa kuhitimisha, programu inayokata maneno penye ritifaa italigawa neno hilo kuwa "ng" na "ombe", na mtaalamu asiyejua Kiswahili hataona kasoro. Kuamua neno ni nini ni kazi ya mwanaisimu. Ni vyema basi stadi hizi zifunzwe katika kozi zetu za mbinu za utafiti, ili uamuzi huo usifanywe na wengine kwa niaba yetu.