MTEJA AMERUDISHA MZIGO KISA UNANUKA SIGARA? SOMA HAPA KABLA HUJAPULIZA PAFYUMU

Leo naongelea kitu ambacho kamera ya simu haikionyeshi hata ukipiga picha mia: harufu. Na hasa harufu ya sigara kwenye makochi, mapazia, makoti ya mtumba na hata chumba tunachohifadhia mzigo.

Nilijifunza kwa hasara. Mwaka jana nilichukua makochi kwa mzee mmoja aliyekuwa anahama, kwa 220,000. Makochi safi kabisa, kitambaa hakijachanika. Nikayapulizia pafyumu ya chumba, nikapiga picha, nikaposti. Jioni ile ile dada mmoja wa Kigamboni akalipia 350,000. Nikaona leo nimelamba dume.

Siku ya tatu simu inaita. "Kaka, makochi yako yananuka sigara mpaka chumbani, na mwanangu ana pumu. Naomba uje uyachukue." Nikaanza kubisha, mbona mimi sikusikia harufu yoyote? Ukweli ni kwamba nilikuwa nimesikia pafyumu yangu mwenyewe. Pafyumu ilipoisha, sigara ikabaki pale pale. Nilirudisha hela yote, kirikuu kwenda na kurudi 80,000 juu yangu. Halafu nikafanya kosa la pili: nikayaingiza makochi stoo, kwenye chumba kimoja na makoti niliyokuwa nimetoka nayo Karume. Wiki mbili baadaye makoti nayo yananuka.

Kwa hiyo tuelewane kwanza, hii kitu inafanyaje kazi.

Moshi wa sigara ukipotea machoni haujaondoka. Ndani yake kuna nikotini na lami, na vile vinatua ukutani, kwenye dari, kwenye vitambaa na kwenye mbao kama utando mwembamba unaonata. Ukitaka kuamini, chukua kitambaa cheupe chenye maji ya uvuguvugu na sabuni, pangusa ukuta wa chumba cha mvutaji. Kitatoka na rangi ya chai. Ule utando ndio unaoachia harufu kidogo kidogo kwa miezi, na joto na unyevu vinauchochea zaidi. Ndiyo maana kochi linaweza kuwa kimya kipindi cha kiangazi, masika ikiingia likaanza kunuka upya. Dar tunavyoishi na hili joto la unyevu, si unajua.

Sasa ukipuliza pafyumu juu ya utando huo hujatoa kitu, umefunika tu. Udi na ubani vivyo hivyo. Najua mama zetu wakifukiza nyumba inapendeza, hata mimi napenda, lakini fukiza baada ya kusafisha, siyo badala yake. Kitambaa chenye sigara ukikifukiza udi unapata harufu ya tatu ambayo haina jina.

NGUO, MAPAZIA NA KAVA ZINAZOVULIKA

Hapa ndipo kazi ni rahisi. Kung'uta nje kwanza, vumbi litoke. Halafu loweka kwenye maji yenye siki nyeupe: kikombe kimoja cha siki kwa ndoo ya lita 10, nusu saa mpaka saa moja. Siki ni tindikali na nikotini iko upande wa pili, upande wa magadi, kwa hiyo siki inaisaidia iachie uzi. Suuza, kisha fua kwa sabuni kama kawaida, anika kwenye jua lenye upepo. Harufu ya siki inaondoka yenyewe ikikauka, usiogope.

Jaribu kwanza kwenye pindo la ndani kuona kama rangi inachuja. Sufu na hariri usitumie maji ya moto. Na mzigo mzito kama makoti ya baridi, usitegemee raundi moja. Mimi nilirudia mara tatu.

Kuna jambo moja naliandika kwa herufi kubwa kwa sababu nimeona watu wanashauriana vibaya: USICHANGANYE SIKI NA JIKI. Vikikutana vinatoa gesi ya klorini, na hiyo inachoma macho na mapafu. Wengi wetu tunafulia bafuni bila dirisha, ni hatari kweli. Ukitumia kimoja leo, suuza kabisa, na cha pili usikiguse siku hiyo. Halafu siki na bekingi soda kwenye ndoo moja haviui mtu, vinatoa tu povu zuri la kurekodi video, lakini vinamalizana vyenyewe. Umemwaga hela.

KOCHI LENYEWE

Hapa ndipo pesa ipo na ndipo pesa inapotea, kwa hiyo soma taratibu.

Kochi lisilovulika kitambaa, ligeuze miguu juu. Chini utakuta kile kitambaa chepesi cheusi. Kitoe, maana kinabeba vumbi na moshi wa miaka. Piga brashi kila kona, hasa kwenye mfereji kati ya mto na mgongo. Ukiwa na jirani mwenye mashine ya kufyonza vumbi, kodi kwa siku moja. Kisha nyunyiza bekingi soda kavu, ile ya dukani ya kupikia, siyo bekingi pauda na wala siyo magadi ya kutengenezea sabuni. Isugue kwa brashi laini iingie, iache usiku mzima, ikiwezekana siku nzima. Asubuhi ifyonze au ikung'ute yote. Rudia mpaka upate nafuu.

Lakini kama mvutaji alikaa na lile kochi miaka, moshi umefika kwenye sponji. Fungua zipu ya mto, weka pua karibu na sponji yenyewe. Ikinuka, acha kujidanganya na soda. Kuiosha sponji kwa maji ni kutafuta tatizo lingine, kwa sababu haikauki ndani kwa siku kadhaa na inapata ukungu, halafu unakuwa na harufu mbili. Badilisha. Mimi nilipeleka kwa fundi Keko, sponji mpya za mito yote ikanigharimu 90,000.

Kochi la ngozi halihitaji yote haya. Kitambaa chenye unyevu na sabuni kidogo, kausha hapo hapo, paka mafuta ya ngozi. Usilianike juani, litapasuka.

MBAO NA VITU VIDOGO

Kabati na droo: futa nje na ndani kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni, halafu siki, halafu kausha kabisa. Watu wanasahau ule ubao wa nyuma na chini ya droo, mahali ambapo hapajapakwa kitu. Mbao kavu inanyonya moshi kuliko iliyopakwa vanishi. Ikishakauka weka mkaa kwenye sahani, funga milango siku tatu nne. Mkaa unasaidia kunyonya kinachobaki hewani, hauondoi utando, kwa hiyo kuweka mkaa kwenye kabati chafu ni kupoteza mkaa. Kama bado inanuka, paka vanishi sehemu zile za ndani.

Vitabu na viatu, boksi lenye bekingi soda kwenye sahani chini, funika wiki nzima. Kwa vitabu vilivyokwisha kuwa njano mimi sisumbuki tena.

CHUMBA AU STOO

Kama umepanga chumba na aliyetangulia alikuwa anavuta humo, mzigo wako wote utachukua harufu hata kama wewe hujawahi kushika sigara. Osha kuta na dari kwa maji ya moto yenye sabuni na siki kidogo. Anza chini kupanda juu, la sivyo michirizi ya uchafu inayoshuka inaacha mistari ukutani. Kisha suuza. Zima umeme, toa balbu uzifute, futa pangaboi za feni, osha wavu wa mbu wa dirishani, na kama kuna eisi osha kichujio chake. Feni yenye utando wa sigara inakurudishia harufu kila ukiiwasha.

Usikubali fundi akupakie rangi juu ya ukuta usiooshwa. Rangi ya maji inaruhusu yale madoa ya njano yapenye, na harufu pia. Osha, acha ukauke, piga praima ya mafuta ya kuzuia madoa, ndipo rangi. Muulize mwenye nyumba kama atachangia, wengine wanakubali ukimwonyesha kile kitambaa chenye rangi ya chai.

UTAJUAJE IMETOKA?

Pua yako usiiamini. Ukikaa na harufu nusu saa pua inaizoea na inaacha kukuambia. Nguo mimi naiweka kwenye ndoo kavu yenye mfuniko, naiacha juani saa moja, halafu namwita mtu asiyevuta aifungue yeye. Pasi ya mvuke nayo inaibua harufu iliyojificha, kwa hiyo piga pasi kabla ya kuposti, siyo mteja akaigundue. Kochi lilaze kwenye chumba kilichofungwa madirisha usiku kucha, asubuhi mwambie mtu aliyetoka nje aingie kwanza.

Na hizi pua zitumike wakati wa KUNUNUA. Nenda mchana wa joto. Ingiza mkono ndani ya mfereji wa kochi kisha nusa vidole. Angalia matundu madogo ya kuungua, angalia rangi ya dari juu ya kochi. Ukisikia pafyumu kali, au muuzaji kafungua madirisha yote na kawasha feni, uliza moja kwa moja: hapa mnavuta? Hakuna ubaya. Ikiwa ndiyo, toa gharama ya sponji kwenye bei kabla hujakubali.

Mahesabu yangu ya yale makochi haya hapa, nisije nikaonekana nimepata: kununua 220,000, usafiri wa kwenda na kurudi 80,000, sponji 90,000, siki na soda 12,000. Jumla 402,000. Niliuza 330,000 kwa kaka mwenye saluni. Nimekula hasara ya 72,000, na yule dada wa Kigamboni tayari alikuwa ameniandika kwenye grupu lao la mtaa.

Safari hii tangazo niliandika hivi, mnaweza kulichukua: "Makochi yametoka nyumba ya mvutaji. Yamesafishwa, sponji zote ni mpya. Karibu uje unuse kwanza ndipo ulipie." Nilidhani litafukuza watu. Inboksi waliuliza wachache, lakini wote walikuwa wa kweli. Ila mwenye pumu, au mwenye mtoto mchanga, huwa namwambia wazi achukue mzigo mwingine, hata kama yeye mwenyewe anasema hakuna shida.

Makoti yalitoka harufu yote isipokuwa moja la sufu, la kijivu. Nimeliosha mara tano. Hilo sijaliposti, navaa mwenyewe asubuhi nikiwa kwenye bodaboda.